Foleni ya Mahema Mepesi

3 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Mimi nimeamka salama. Goti limeamka baadaye kidogo, lakini limeamka. Wewe hujambo? Na zile cherehani zako mbili, bado unazibembeleza? Dada yako anakusalimu. Ameninunulia simu nyingine, eti hii ina sauti kubwa, lakini bado nasikia kama mtu anaongea akiwa ndani ya ndoo. Kwa hiyo utaendelea kusoma mwandiko wangu.

Nina shida ya kikazi, ya kazi yako, si yangu. Unajua tangu nistaafu kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali natembea milimani kila Jumamosi na kina mama wenzangu. Wao wakifika nyumba ya wageni wanavua viatu na safari imekwisha. Mimi nataka kuvuka mlima mpaka upande wa pili na kulala njiani, pasipo na nyumba. Nilinunua hema dukani. Nililibeba siku moja tu, nikakumbuka shuka mbichi za wodi ya wazazi. Nimebeba vya kutosha katika maisha yangu, nimelirudisha.

Nataka lile unalowashonea wageni, linalokunjika likaenea kwenye kofia. Najua una foleni. Niweke mwisho kama mtu mwingine yeyote. Sitaki kurushwa mbele kwa sababu nilikuzaa. Nakusudia kuvuka mwishoni mwa mwezi wa nane, kabla ya mvua.

Mama yako


14 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua imefika na nimecheka peke yangu mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta. Sijambo, ila mgongo tu. Kitambaa hiki ni chepesi mno, nakikata chini sakafuni, na mtu akipiga chafya kimehama.

Nimekuandika kwenye foleni. Hapa siuzi hema lililo tayari. Kila moja linakatwa kwa kipimo cha mwenyewe. Kwa hiyo nijibu kama wateja wanavyojibu: urefu wako, unavyolala, na kama unatembelea fimbo moja au mbili, maana hema langu halina nguzo. Linasimamishwa kwa fimbo za mwenye safari.

Nakuomba tu usishawishike na Milimita. Unamkumbuka: tulijifunza kazi pamoja, tukafungua karakana pamoja, tukaachana kwa ugomvi juu ya upana wa mshono. Sasa anashona peke yake huko bondeni na anapunguza kila kitu. Siku moja atapunguza hema mpaka amuuzie mtu mfuko wa kulitilia.

Halafu, unakwenda na nani?

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mgongo, na funga dirisha unapokata.

Dada yako amenipima mlangoni, pale tulipokuwa tukiwapima nyinyi. Nimepungua kidogo, lakini usinionee huruma, kitambaa nacho kitapungua. Kipimo nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Nalala kwa ubavu wa kushoto, nimelilalia sikio zuri, ndiyo maana usingizi wangu hauna kelele. Fimbo mbili.

Nakwenda na mimi mwenyewe.

Mama yako


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti siku hizi linaamka pamoja na wewe. Nisamehe kwa kimya, kazi imenielemea. Kitambaa kimechelewa kuletwa, na cherehani moja inaruka mishono. Foleni inatambaa tu.

Subira huvuta heri. Labda hata mwakani ingekuwa afadhali, goti likiwa limepumzika vya kutosha.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

Salamu. Hapa tu wazima. Wewe nadhani u mzima pia, kwa jinsi ulivyo na shughuli.

Jumamosi alijiunga nasi daktari wa meno, mwanamke mcheshi, anatembea kama amesahau kitu mbele. Tulipopumzika akatoa hema lake alianike. Niliujua mshono wako kabla hajasema neno, unavyorudi nyuma kidogo mwishoni kama mtu aliyesahau kuaga. Nikamwuliza aliagiza lini. Akasema mwezi wa nne, na kwamba fundi wake ni mtu wa ahadi, hachelewi hata siku moja. Nikamwambia hongera, una fundi mzuri.

Mimi niliagiza mwezi wa pili. Niambie basi, hiyo foleni yako inakwenda kwa tarehe au kwa umri? Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nimekaa miezi hii yote nikikuonea huruma kwa ajili ya cherehani inayoruka. Hilo limeniuma kuliko kuchelewa.

Mama yako


9 Julai

Mama,

Shikamoo. Sina la kujitetea. Cherehani ni nzima na kitambaa kipo. Kila zamu yako ilipofika nilichukua kazi inayofuata. Nilidhani msimu ukipita na hamu itapita.

Lakini na mimi nisikilize. Mwaka juzi nililetewa hema langu na ndugu wa mteja, limekunjwa vizuri, halina hata tundu. Mwenyewe alipotea kwenye ukungu, akateremkea bondeni asikokujua, na hakurudi. Alikuwa kijana wa miraba minne, na masikio yake yote mawili yalikuwa yanasikia. Tangu hapo kila ninapokata kitambaa namfikiria mtu atakayelala ndani. Kwa wengine nafikiri kidogo, kisha naendelea. Kwako mkasi ulikataa.

Nitakushonea, lakini si lile. Nimechora jingine: sakafu nene, kona za mishono mitatu, kamba za ziada, kitambaa cha rangi kali kinachoonekana kutoka mbali. Litakaribia uzito wa lile la dukani, ila mimi nitalala usingizi. Dada naye ameniunga mkono. Anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwanao


11 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mwambie dada yako kwamba mkuu ni mimi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Yule kijana nimemwombea. Lakini hema unalonichorea ni la wewe ulale na mimi nibebe. Hilo silinunui.

Nimenunua kwa Milimita. Nilimwandikia, akanijibu kwa mistari michache na yote ilikuwa ni maswali: urefu, ubavu gani, fimbo ngapi. Basi. Hakuuliza nina miaka mingapi wala kama watoto wangu wanajua. Foleni yake ni fupi, nadhani watu wanaogopa mdomo wake. Hema limefika juzi kwenye kibahasha ambacho tarishi alidhani ni soksi. Nimelisimamisha uani, nikaingia, nikalala mchana kutwa. Jirani alinichungulia ukutani, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Naondoka mwishoni mwa mwezi. Siku ya kurudi nimemwachia dada yako.

Mama yako


8 Septemba

Mama,

Shikamoo. Sijui barua hii utaisoma lini. Nilinyamaza kwa hasira, na sasa sina wa kumwonyesha hiyo hasira. Dada anasema siku uliyomwachia imepita na nyumba bado imefungwa. Ameshawaambia watu wa uokoaji. Wanasema juu kuna ukungu.

Jana nilimpigia Milimita. Hatujasemezana tangu tulipogawana mikasi. Nikamwuliza kama alikuongezea chochote kwenye lile hema, kamba, mshono, chochote. Akasema hapana, alikushonea kama anavyomshonea mteja yeyote, kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Akaniuliza kama nataka aje tukutafute pamoja, na kesho asubuhi tunaanza kupanda.

Naogopa, mama. Naandika hivyo hivyo kwa sababu sijui kuandika vingine.

Mwanao


16 Septemba

Mwanangu,

Nimerudi. Dada yako ameshakwambia, na najua mmepanda na kushuka bure, wewe na Milimita, poleni sana. Ameniambia pia kwamba mlibishana njia nzima juu ya mshono, na watu wa uokoaji wakawahamishia kila mmoja kundi lake. Mimi ni mzima. Goti limevimba kama andazi, hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa: nilishuka kwa njia nyingine, upande huu huu wa mlima, nikakaa kwenye nyumba ya wageni mpaka liliponiruhusu kuvaa suruali. Kule hakuna posta wala simu, na hata ingekuwepo ningesikia ndoo tu.

Sikuvuka. Nilifika karibu na shingo ya mlima, pale pa kuvukia, ukungu ukashuka. Njia hapo inafuata maji. Macho hayaoni, na kwa sikio moja sikuweza kujua maji yako mkono upi. Kwa hiyo ulikuwa na haki ya kuogopa, nakuachia hilo. Nikasimamisha hema nikalala humo. Upepo ulilipiga sana, nalo likasimama. Asubuhi ukungu ulikuwa palepale. Nikakaa juu ya jiwe, nikala mkate, nikafikiri, nikageuka.

Nilifurahi, mwanangu. Sijui kama utanielewa. Tangu nimestaafu kila mtu ananiamulia, kwa upendo, nini kizito na wapi ni mbali. Siku ile nilipima mwenyewe nikaona hapa basi. Kama ungenizuia nyumbani, mpaka leo ningekuwa na kinyongo na mlima usio na kosa. Na wewe pia ningekuwekea.

Mama yako


30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Goti limepungua? Hapa ni salama, mvua inanyesha, wateja ni wachache.

Ndani ya kifurushi hiki kuna hema. Ni lile uliloagiza mwezi wa pili, kwa kipimo ulichoniandikia. Kwenye kona mkono ulijiongezea mshono mmoja bila kuniuliza. Nimeufumua. Uzito wake ni ule ule wa lile la daktari wa meno, na rangi yake ni ya kawaida.

Sikuulizi unakwenda wapi.

Mwanao


12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na asante. Goti linashuka ngazi sasa, kupanda bado linanung'unika. Hema nimelisimamisha sebuleni kwa sababu ya mvua, na dada yako alipoingia aligeuka akatoka tena.

Ni zuri. Nimeliweka mkono huu na la Milimita mkono huu, nikafumba macho. Sisemi lipi lilishinda, nyinyi wawili mmegombana vya kutosha.

Sasa mahema ni mawili na mimi ni mmoja. Mvua zikiisha narudi kule kwenye shingo ya mlima, na nataka mtu anayesikia maji. Omba ruhusa kwa wateja wako. Mimi nitalala katika lako, wewe utalala katika la Milimita. Miguu yako itabaki nje, lakini utajifunza kitu. Ukisikia maji, utaniambia yako upande gani, basi. Usiniambie tufanye nini. Njia ile ni nyembamba, wawili hawapiti sambamba, na anayetangulia ndiye anayeamua pa kugeukia.

Nitatangulia mimi.

Mama yako