Kisahani cha Udongo: Tunamkumbuka Mama Pacha

Mama Pacha, mwaka umetimia tangu ututoke, na kwa muda mrefu kiti chako cha pale dirishani sebuleni hakuna aliyekikalia. Si kwamba tulikataza. Mtu alikivuta, akakumbuka, akakirudisha.

Mtaani walikuita Daktari wa Panya, nawe ukacheka nao. Kazi yako, kwa panya wa maabara, ilikuwa kutafuta njaa inaanzia wapi, shibe inafikaje kichwani, na kwa nini miili mingine haisikii ikiambiwa basi. Hukukubali mtu mnene achekwe mbele yako. "Huo si uroho," ulisema, "ni taarifa haifiki." Mezani hukutulazimisha kumaliza sahani hata siku moja. Uliangalia tu kilichobaki, ukajua siku ya kila mmoja wetu ilivyokwenda.

Mdogo wako wa kike, Kibonge, jina alilopewa akiwa wa kutambaa likamganda, ndiye uliyekuwa ukimhangaikia, ingawa hukumwambia. Goti lake lilikuwa limekwisha. Daktari wa mifupa alikataa kumpasua mpaka apungue, maana moyo wake usingehimili dawa ya usingizi. Alijinyima chakula, alitembea mpaka goti likavimba, uzito ukagoma. Basi panya wako walipoanza kupungua kwa dawa mpya uliyokuwa ukiijaribu, yeye akajihesabu keshapona.

Halafu ukaja ule mchana. Wageni wafadhili walikuwa njiani kuja maabara kuona maajabu. Nawe ulikuwa na kawaida yako, ambayo wenzako waliiona ya kupoteza muda: kabla hujakubali matokeo yoyote, uliwawekea panya kisahani cha udongo mweupe kando ya chakula. Panya hawezi kutapika, akishikwa na kichefuchefu hula udongo. Ulipofungua vizimba ulikuta visahani vimekwanguliwa mpaka chini. Ulinipigia simu mimi mumeo. "Baba Pacha, hawajashiba hawa. Wanaumwa."

Mkuu wa maabara akakuomba uviondoe visahani. "Tutalizungumza wageni wakishaondoka," alisema. Hukuviondoa. Wageni uliwaonyesha visahani kwanza, panya baadaye, na chai waliyoandaliwa hawakuigusa.

Ukarudi nyumbani ukamkuta Kibonge sebuleni na begi lake, kaja kuomba awe mtu wa kwanza kujaribiwa. Loo! Pacha wetu wakakimbilia jikoni kujifanya wanaosha vyombo.

"Hupewi," ulimwambia. "Inatia kichefuchefu tu. Kukosa njaa si kushiba."

"Acha nichafukwe na moyo, dada, acha nitapike nyongo, ilimradi nipungue! Kwani goti ni lako?"

"Nipe muda nitafute nyingine. Mvumilivu hula mbivu."

"Hizo mbivu ndizo zinazoninenepesha!"

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Siku hiyo hakuna aliyethubutu. Akaubamiza mlango mpaka picha yetu ya harusi ikaanguka. Wewe ukaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Ukaanza upya na mtafiti mwenzako, tangu mwanzo kabisa. Kibonge hakukanyaga tena kwetu. Kisha ukaugua wewe. Ugonjwa ukakukata hamu ya kula, wewe uliyeisomea hamu hiyo maisha yako yote. Tulikuletea hiki na kile, ukageukia ukutani. Tusikufiche, mama, tuliogopa sana.

Ndipo Kibonge akaja, anaburuta goti, mkongojo kwapani. Hakuomba radhi, wala hukumwomba. Akakaa kitandani na bakuli la supu. Kijiko cha kwanza ukameza. Cha pili ukakizuia kwa mkono.

"Dada, huna njaa kabisa?"

Ukatikisa kichwa.

"Na hujashiba."

Ukatikisa tena, ukamshika mkono. Akaliacha bakuli lipoe, akajilaza kando yako kama mlivyolala utotoni. Tulilia sote, bila kufichana.

Sasa tukupe habari, maana tunajua ungetaka kujua. Mwenzako aliendelea na dawa ya pili mliyoianza pamoja. Mwezi huu wote tumekuwa roho juu tukisubiri majibu, simu ikilia Kibonge anaruka na goti lake bovu. Juzi mtafiti mwenyewe alikuja, akakaa, akafungua mfuko, akatoa kisahani. Panya, alituambia, wanakula kiasi, wanapungua, wanacheza. Udongo umejaa vilevile, hata alama ya jino hakuna.

Kibonge akakipokea kwa mikono miwili. "Kwa hiyo naweza kupewa?"

"Bado, dada yangu. Lazima kwanza tujue haidhuru moyo wala ini. Ni kazi ya miaka."

Sote tukautazama mlango. Pacha mmoja akaenda kuishika ile picha ya harusi ukutani.

Kibonge akainuka. Akakivuta kiti chako cha dirishani, akakikalia, kisahani mapajani.

"Haya," akasema. "Nitasubiri."

Tunaokukumbuka ni mumeo Baba Pacha, wanao pacha, mama yako mzazi, mawifi na mashemeji, wenzako wa maabara, na mdogo wako Kibonge. Daima uko nasi, Mama Pacha. Kiti chako kina mtu.