Glovu Nilizomvalisha Mama

Kitangari, Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia hata kwenye vyombo. Shavu langu la kushoto bado linawaka. Shangazi amenizaba kibao, na siwezi kusema amenionea.

Nimeunguza mikono ya mama.

Mama anabangua korosho. Anazikaanga, kisha anazibana kwa vidole na kuzigonga kwa jiwe, moja moja. Mafuta ya maganda yake yanakula ngozi kama tindikali, ndiyo maana wanawake wa hapa hupaka majivu mikononi kabla ya kuanza. Hata hivyo, vidole vya mama vimechubuka miaka yote ninayoikumbuka.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa kemia alileta darasani kopo la dawa ya kupuliza alilonunua Masasi. Ndani yake mna polima ya akriliki yenye florini. Alitueleza kwamba ikikauka juu ya kitambaa, ile florini hukaa upande wa nje, na maji au mafuta yakidondoka hayashiki, hujikusanya yakawa matone. Nikamwomba kopo lile. Nikapulizia glovu za pamba, nikazianika, nikadondoshea mafuta ya alizeti. Tone likabingirika kama umande kwenye jani la gimbi.

Siku ile nililia kwa furaha. Sikuandika hapa kwa sababu niliona aibu.

Leo asubuhi nilimletea mama glovu zile. Shangazi, ambaye hubangua pamoja naye, alikuwa anachota majivu.

"Mama Somoe, paka kwanza, ndipo uvae hayo mambo ya kidaktari," alisema.

Mama akanitazama. Nikasema majivu yatasugua dawa iishe. Mama, aliyekuwa ameanza kuyapaka, akayapangusa yote mikononi, nikamvalisha.

Aliniamini mimi.

Nadhani alivumilia muda mrefu ili asiniaibishe. Alipopiga ukelele, kitambaa kilikuwa kimeganda kwenye ngozi. Shangazi alivuta glovu ya kulia, na ngozi ikaja nayo. Sitaisahau rangi ile.

Ndipo kibao kikanijia. Kisha shangazi akalinyakua kopo na kulitupa kwenye moto wa maganda.

"Na dawa yake ife."

Lilipasuka kwa kishindo. Kikaango kiliruka, makaa yakatawanyika uani, moja likatoboa kanga ya shangazi pajani. Akapiga yowe. Na mimi, naandika ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeokota jiwe la kubangulia na mkono wangu ulikuwa juu.

"Somoe, weka jiwe," mama alisema. Alikuwa ameinua mikono yake mbele kama mtu anayeomba dua, inavuja damu.

Nikaliweka.

Tuliporudi kutoka zahanati, mama kafungwa bandeji, nilichukua glovu moja ya akiba, niliyoipulizia pia lakini haikutumika. Nikadondoshea mafuta ya ganda. Yakabingirika, kama siku ile. Kisha nikaivaa, nikabana maganda ya korosho zilizokaangwa, moja baada ya jingine, kwa nguvu, kama mama anavyobana. Sikufika hata ganda la kumi. Doa la kahawia likatokeza, na kidole kikaanza kuuma.

Mimi nilipima tone lililolala. Kazi ya mama ni kubana kutwa nzima. Nimekaa naye miaka yote hii na sikuliona hilo.

Jioni shangazi amekuja kumlisha mama ugali. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi." Akamega tonge, akalipuliza. "Marahaba," akasema mwishowe. "Paja langu linauma, mtaalamu."

Mama alicheka kidogo. Kisha akaniambia, "Jumatatu kamwambie mwalimu wako kwamba mafuta yanapita hapa." Akanionyesha kwa kidevu, kwenye bandeji, kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mwambie hapa ndipo paongezwe unene."



Limebaki gunia moja la mama. Kesho nitalibangua mimi, majivu kwanza, glovu juu yake, na nitaandika kila mahali mafuta yatakapopita. Safari hii mkono utakuwa wangu.