Mtoto Ananyamaza kwa Kibibi

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje? Mvua ya huku imeshika, Jangwani kote ni maji, nami kila ikinyesha nakuwaza unavyokwenda kisimani na goti lile. Ukinijibu usiseme tu hujambo, niambie kweli. Mimi ni mzima, na mjukuu wako Rajabu ni mzima, anazidi kujaa mashavu.

Barua hii aisome dada Mwanaidi, si Kaka Seifu. Kaka akiishika mnyang'anye, maana ina maneno ya wanawake. Nawe Mwanaidi, unajua herufi zangu zilivyo, chuo cha Kurani nilikiacha kabla hazijanyooka. Soma polepole, usiruke mahali, na usicheke mpaka ufike mwisho.

Mama, Mjomba alipopita hapa nilimpa salamu ya haraka, kwamba Kaka aje kunichukua mimi na mtoto, simtaki tena Shomari. Sababu sikumwambia, niliona haya. Najua tangu hapo umekaa roho juu. Sasa nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Rajabu tangu azaliwe alikuwa analia. Si kulia kwa njaa. Ananyonya kwa pupa, kisha anajikunja miguu mpaka tumboni, tumbo gumu kama dafu, anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Nikimlaza anaamka, nikimbeba analia, nikitembea naye analia kidogo, nikisimama anakumbuka. Bi Tausi mwenye nyumba ndiye aliyenisimamia uzazi, kwa kuwa wewe goti lilikuzuia. Hakubakiza kitu. Alinunua mvuje duka la Banyani, mwingine akamfunga mkononi, mwingine akaukoroga kwa maji akamnywesha. Akamsugua tumbo kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mtoto akalia vilevile, ila sasa alilia akinuka mvuje.

Siku hiyo Bi Tausi akamshika mapaja, akamgeuza, akaguna.

"Zuhura, mtoto huyu amebemendwa."

Mama, nikamvuta mtoto kwangu. Nikamwambia, "Bi Tausi, mume wangu analala ukumbini kwenye mkeka tangu nijifungue. Wewe mwenyewe unamruka ukienda kutawadha."

"Namruka, ndiyo," akasema. "Lakini mchana simruki. Mchana yuko wapi?"

Unajua wazee mnavyosema, kwamba hata mama akitulia, baba akitembea nje kisha akamshika mtoto, mtoto anaharibika. Na Shomari ni kuli forodhani, kazi wanaachiwa mchana, yeye nyumbani anafika jua likizama. Akija ananukia moshi na iliki. Nikimuuliza anasema, "Nilipumzika kidogo." Nilipumzika kidogo! Mwenziwe mimi sijapumzika tangu nizae.

Jina nililetewa na Bi Tausi huyo huyo. Kibibi, mtalaka wa Shomari. Ndiye mke wake wa kwanza, aliyemwacha kabla hajaniposa mimi kwa sababu hawakupata mtoto. Anapika chai na vitumbua Mchikichini. Mimi sikuwahi kumwona, nilimjua kwa sifa tu, kwamba ni mwembamba, kwamba anacheka sana, na vitumbua vyake havinyonyi mafuta. Mama, mimi nimekaa chumbani natoka maziwa mpaka kanga inakauka kama ngozi ya ngoma, nywele sijasuka, halafu kuna mwanamke mwembamba mahali fulani anacheka. Nilishindwa hata kumeza uji. Ndipo nikamtuma Mjomba.

Lakini Mjomba alipokwisha ondoka nikaona siwezi kungoja. Ndiyo Mama, nilitoka kabla ya arobaini. Usinigombeze kwanza. Bi Tausi alikwenda mazikoni, nami nikamfunga Rajabu kifuani, nikavaa buibui, nikashika kile kisu ambacho mzazi hatoki mlangoni bila ya kuwa nacho, nikaenda. Njia nzima mtoto analia na mimi nalia, watu wanatupisha.

Kibanda chake ni cha makuti, makuli wamejaa kwenye mabao wanakunywa chai. Nikasimama hapo mbele, buibui limenishuka, kisu mkononi. Mama, makuli waliinuka wote! Mmoja akamwaga chai, akasema, "Jamani, mke wa mtu huyu, mshikeni!"

Kibibi hata hakuacha kugeuza vitumbua. Akasema, "Kaeni nyinyi. Hicho ni kisu cha uzazi, mama zenu wote walikishika." Kisha akanitazama mimi. "Umekuja kugombana au umekuja kunionyesha mtoto? Sema moja, maana kwa kelele hizi mawili siyasikii."

"Nimemfuata mume wangu," nikasema.

"Mchukue. Yule pale, ananizibia njia ya kuni."

Nikachungulia nyuma ya jiko. Shomari amelala juu ya gunia, mdomo wazi, inzi wanamtembea puani, anakoroma. Hakuna mkeka, hakuna mto, hakuna udi. Gunia tu, na moshi wote unamwingia yeye. Nikampiga teke mguuni.

Akakurupuka. "Zuhura! Mtoto ana nini?"

"Ana wewe!" nikamwambia. "Kumbe huku ndiko unakolala?"

"Ningekwambiaje?" akasema, na macho hayajafunguka. "Wewe hulali, halafu mimi nikuage kwamba nakwenda kulala?"

Mama, nakwambia kweli yangu. Yule mwanamke nilimwonea wivu, lakini wakati ule nilimwonea wivu zaidi Shomari kwa ule usingizi. Nilitamani nimsukume nilale mimi juu ya gunia lile.

Kibibi akafuta mikono. "Nipe mtoto."

"Sikupi."

"Haya, kaa naye alie, nami nimimine chai."

Nikakaa naye, akalia. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, nguvu zimeniisha. Nikaona nitamwangusha mtoto mbele ya mtalaka, nikampa. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake kama paka juu ya tawi, akamkanda mgongo taratibu, kisha akamsimamisha begani, akampigapiga. Rajabu akacheua, Mama! Akacheua kama mzee aliyetoka kula pilau ya harusi. Makuli wote wakaitikia, "Alhamdulillahi!" Na mtoto wangu, ambaye kwangu mimi hajapata kufumba macho mawili pamoja, akalala palepale shingoni kwa Kibibi.

"Unamnyonyesha umelala?" akaniuliza.

"Nimelala. Bi Tausi amenikataza kukaa, kwa ajili ya mgongo."

"Na akishiba unamlaza hapohapo?"

"Hapohapo."

"Basi hana ugonjwa huyu. Anakunywa maziwa na upepo pamoja, na upepo hukumtafutia pa kutokea. Mkalishe, mcheulishe, ndipo umlaze. Mimi nimelea pacha wa marehemu dada yangu, mmoja alikuwa hivi hivi. Na huyo aliyekwambia mtoto amebemendwa mwambie aje anywe chai hapa, nimwambie kitu."

Maneno yale yalinituliza moyo, lakini hayakunifurahisha. Nimembeba miezi yote mwanangu, nimemzaa kwa taabu unayoijua, halafu anamlalia mtu aliyemkuta leo. Na Shomari akawa anawatazama wote wawili kwa namna ambayo sikuipenda. Kibibi naye aliona. Akanirudishia mtoto haraka, akasema, "Shika mwanao, vitumbua vyangu vinaungua." Havikuwa vinaungua.

Tangu siku ile Shomari anarudi mapema, kwa kuwa nyumbani sasa kunalalika. Hilo ni jema. Ila kwangu mimi mtoto alikuwa hacheui. Nampigapiga mpaka mkono unakufa, ananitazama tu, kisha anaanza. Ikawa Kibibi akishafunga kibanda anapita kwetu kumcheulisha. Anaingia anacheka, ananawa mikono, anamchukua. Rajabu akisikia sauti yake tu uani anageuza kichwa. Mama, kichwa kile hakijageuka kwangu hata mara moja! Nikawa namshukuru kwa mdomo, na moyoni nasema, ukate mguu wako. Bi Tausi naye haachi: "Mtalaka ameingia kwa mlango wa mtoto." Shomari akisema tu chai imepoa, mimi nasikia anasema ya Kibibi ilikuwa moto.

Jana mvua ilimchelewesha Kibibi. Mtoto akanyonya, akaanza kujikunja. Shomari akasema, "Nimfuate?"

Nikamwambia, "Ukiinua mguu hapo usirudi."

Nikamkalisha Rajabu gotini, kidevu chake kwenye kiganja changu, nikamwinamisha kidogo, nikamkanda. Sikumpigapiga kama Kibibi, nilimkanda kwenda juu, kama ulivyokuwa unanikanda mimi kifua nikiwa na homa. Mara akacheua, na maziwa yakanimwagikia magotini. Akapiga mwayo. Akalala.

Kibibi akafika amelowa, mikono amekwisha nawa nje kwa maji ya mvua. Akasimama mlangoni. "Amelala?"

"Amelala."

"Amecheua?"

"Amecheua kwangu."

Akasema, "Mashaallah," akacheka, lakini mikono yake ilibaki mbele hivi, imelowa, hajui aiweke wapi. Nami nilifurahi, Mama, Mungu anisamehe. Nilifurahi sana. Kisha nikaitazama ile mikono, nikakumbuka kwa nini aliachwa, na furaha ikanishinda kumeza. Nikamwambia aketi akaushe nguo. Akanywa uji wangu wa pilipili manga, akasema sukari imezidi. Alipoondoka nikamwambia kesho apite. Simpendi bado, usifikiri nimempenda. Lakini nimemwambia apite.

Kwa hiyo Kaka asije kunichukua, hapa ndipo kwangu. Njoo wewe, goti likikuruhusu, uniombee radhi kwa Mjomba kwa kumtuma ovyo, na umwone mjukuu wako kabla hajawazoea watu wote isipokuwa wewe.

Nisalimie Kaka Seifu, mwambie Shomari hana neno naye. Nisalimie Mjomba, na mke wake, na bibi mzaa baba, mkamwambie kwa sauti kubwa asikie. Mwalimu wangu wa chuo mpeni shikamoo yangu, herufi msimwonyeshe. Dada Mwanaidi, sasa cheka.

Rajabu amelala kifuani kwa baba yake na wote wawili wanakoroma. Nami ninawaonea wivu, kwa hiyo naishia hapa nikalale.

Mwanao akupendaye,
Zuhura, mama Rajabu