Mama Mkwe Ananiambia Nirudi Kwetu, Moyo Wangu Uko Kwenye Mizabibu

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie maana akili yangu imegota. Mimi ni mjane, mume wangu alifariki mwaka juzi akaniacha na mama yake kwenye shamba la mizabibu waliloachiwa na wazee wao, mizabibu mikongwe, mashina manene kama paja, hatutii dawa ya dukani, ni samadi na jembe na mikono yetu, na mvinyo tunautengeneza wenyewe ghalani nyuma ya nyumba. Nilipoolewa sikujua hata kushika mkasi wa kupogolea, marehemu ndiye aliyenifundisha, anasimama nyuma yangu ananiambia, "Usikate kwa haraka, mke wangu, tafuta jicho kwanza, pale chipukizi linapotokea," na hadi leo nikipita mistari ile ya juu naisikia sauti yake, nageuka, nakuta majani tu. Sasa mama mkwe, ambaye hatujawahi kukosana, kila tukiosha mapipa ananiambia, "Mwanangu, wewe bado kijana, rudi kwenu ukaanze maisha," nami nanyamaza, naona ananifukuza kwa upole, na kaka yangu anakuja na gari Jumamosi kunichukua, nguo nimeshafunga, lakini mshauri, natamani mno mama aniambie neno moja tu: baki. Nifanyeje?

Mjane wa shambani

JIBU

Pole kwa msiba, binti yangu. Ila kwa huko kunyamaza sikupi pole hata kidogo! Mama wa watu amezika mwanawe, anaogopa kuonekana amekung'ang'ania uzeeke naye, ndiyo maana anakufungulia mlango. Wewe ukaona mlango uko wazi, ukafunga nguo. Unadhani naye hazioni hizo nguo? Umewahi kumwambia kwa mdomo wako kwamba unataka kukaa? Barua yako nzima sijaona mahali ulipomwambia.

Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi mfuate shambani, umwambie hivi: "Mama, sikai kwa kukuonea huruma. Hapa ndipo kwangu. Unanitaka?" Halafu funga mdomo, msikilize. Akikataa waziwazi, panda gari la kaka yako, angalau utaondoka ukijua. Na ukibaki, kisha ukaja kupata mchumba siku moja, hilo nalo utamwambia mama, hakuna aliyekufunga kamba.

Lakini akikujibu "baki", usikimbie kujificha. Lia hapohapo mbele yake, binti yangu, maana naye ana yake ya kulia, na hana mwenzake wa kulia naye ila wewe.