Gari la Elphas Kwenye Mvua ya Mawe

Jumapili, 6 Aprili

Gari limekuja. Jekundu! Limelala chini kiasi kwamba kuku wa Mama wameshindwa kupita chini yake, na kuku wa Mama hupita popote.

Sikuulizwa. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kulalamika bila mtu kuniambia nishukuru. Mimi ndiye ninayempeleka Mama Nakuru kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu. Mimi ndiye ninayefunga agrovet yangu, duka la dawa za mifugo, siku hizo, wakulima wa Molo wanakuja wanakuta kufuli. Lakini kuchagua gari — hilo ni la group! Ndugu zangu, Elphas yuko Calgary, Kanada, Zeddy yuko Nairobi, wakakubaliana kwenye WhatsApp mimi nikiwa nimelala. Kuamka nakuta mioyo na makofi. Penye wengi hapaharibiki neno. Waje waone.

Na pick-up ya Baba imeshauzwa. Bethwel, jirani yetu wa viazi, aliichukua jana. Ilikuwa nzee, sawa. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Gia ya pili inalia kama ndama aliyenyimwa maziwa, na kijiji kizima kilijua tunarudi nyumbani kabla hatujafika. Sote tulijifunza kuendesha na hiyo, Elphas wa kwanza. Lakini haikuwahi kutuacha kwenye matope. Msimu wa mvua Baba aliweka magunia mawili ya mchanga nyuma ili isiteleze, na tulipomzika nikaendelea kuyaweka.

Mama amelizunguka gari akiligusa gusa. Akasema mtoto wake amemkumbuka. Mtoto wake! Na mimi nimesimama pale na dawa zake mkononi.

Jumanne, 8 Aprili

Safari ya kwanza. Tumbo la gari lilikwaruza mawe pale kalvati, kabla hata hatujaiona lami. Kila tuta naliendea kiupande kama kaa. Pale Salgaa madereva wa malori walikuwa wanatuangalia wakicheka.

Kusema ukweli — na hakuna anayesoma — viti vinapasha moto. Unabonyeza, mgongo unapata joto. Mama siku hizi huwa na baridi mpaka kwenye mifupa, hata jua likiwaka. Leo alisinzia toka Sachangwan hadi hospitali. Kwa pick-up hakuwahi kusinzia. Nimekasirika hata na hilo, maana sasa siwezi kulichukia hili gari lote.

Halafu kuna batani imeandikwa SNOW. Nilicheka mpaka Mama akauliza ni nini. Nikamwambia ni ya theluji. Akasema Elphas amefikiria kila kitu. Elphas hajafikiria chochote! Lilitengenezwa hivyo Japan.

Jumatano, 9 Aprili

Voice note ya Elphas. Ndefu. Yeye ana gari kama hilo hilo huko kwake, hata rangi ni moja, na huliendesha kwenye theluji ya magoti, baridi ambayo mate yanaganda. Usikanyage breki kwa ghafla. Angalia unakotaka kwenda, gari litafuata. Mvua yenu hiyo ni mchezo, akasema.

Mvua YENU. Kwani yeye alizaliwa wapi? Nilikuwa nampimia mteja dawa ya kupe huku nafundishwa theluji.

Ijumaa, 11 Aprili

Ilinyesha usiku. Tulikwama kwenye njia ya nyumbani, hata lango la jirani hatujafika. Vijana wa kuchuna pareto wakatusukuma. Matope yakanirukia mpaka kwenye nywele, na Mama ndani, kioo kimepandishwa, kiti kinampasha moto, anawapungia mkono kama mke wa chifu.

Tulichelewa. Zamu yetu ni saa tisa, na sista Naliaka hana utani na mashine zake. Alinivuta kando akaniambia foleni ni ndefu. Tukichelewa tena, mtu mwingine anapewa kitanda, na Mama atasubiri mpaka zamu inayofuata. Nikamuuliza atasubiri vipi na maji yanajaa mwilini. Akasema ndiyo maana ananiambia mapema.

Mama akiwa kwenye mashine nilienda kwa duka la matairi la Bhumi, lile aliloachiwa na baba mkwe wake. Bhumi alitoka na kikombe chake cha chai, akatazama, akaanza kucheka. Haya magari hutoka Japan mara nyingi yakiwa na matairi laini ya baridi, akasema. Mtu ameyatoa akaweka haya mapana, ya kuonekana. Na gari la namna hii husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, la Elphas lazima linavuta yote manne. Gari ni moja, rangi ni moja, lakini siyo kitu kimoja.

"Dada, hizi ni viatu za harusi," akaniambia. "Shamba utaenda nazo aje?"

Ana mengine ya kufaa, lakini rim lazima zibadilishwe pia. Anaweza kuyapata wiki ijayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeandika kwenye group, kwa heshima kabisa. Nimeeleza matope, nimeeleza Bhumi, nimeeleza sista Naliaka. Elphas kajibu kwa sauti, na Mama akaifungulia kwa spika jikoni, mimi nimeshika mwiko. Kumbe hizo rim alizichagua mwenyewe! Alimlipa ajenti wa Mombasa aziweke. Eti alitaka Mama aonekane. Halafu akamalizia na neno lake.

"Shida si gari, Jepleting. Shida ni dereva."

Miaka kumi na mitano naendesha barabara hii! Kwenye ukungu ambao huoni boneti, katikati ya malori yanayonuka breki zilizoungua. Sijawahi kumgonga hata mbwa. Shida ni dereva! Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hii ya Elphas inanifikia mimi vizuri sana.

Mama hakunitetea. Alisema tu nisibadilishe kitu cha watu. Cha watu! Si ameletewa yeye?

Ugali uliungua. Nikaupakua hivyo hivyo.

Jumanne, 15 Aprili

Jua. Tukafika mapema. Mama ameihadithia wodi nzima habari za gari. Bibi wa kitanda cha pembeni, mama wa Kihindi kutoka Milimani, akamuuliza mtoto wake anakuja lini. Mama akasema mwaka huu, labda Disemba. Kila mwaka ni Disemba. Ni miaka tisa sasa, hata Baba alizikwa Elphas akiangalia kwenye simu.

Nilitoka nje nisije nikasema kitu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mashine hazijui sikukuu. Njia kavu, hakuna malori, tulifika vizuri. Jioni Elphas akaandika: Mmeona?

Nikazima simu nikalala.

Jumatatu, 21 Aprili

Mawingu meusi upande wa Mau tangu adhuhuri. Miguu ya Mama imevimba, viatu havimwingii, amevaa makubazi yangu. Nimemwambia kesho nitamwomba Bethwel atupeleke, anashusha viazi Nakuru kila wiki. Mama akageukia ukuta. Kwani gari limeharibika? Nikasema hapana. Basi, akasema.

Nimeweka magunia mawili ya mchanga kwenye buti. Gari limelala chini zaidi.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika ndani ya gari. Sachangwan. Kalamu inatoboa karatasi. Ni hasira.

Tuliondoka mapema makusudi. Mvua ya mawe ikaanza tulipoingia barabara kuu — mawe madogo kama njegere, kisha makubwa, yakigonga bati la gari mpaka hatusikizani. Nilikuwa nateremka polepole nyuma ya lori la mbao. Kona moja lami ilikuwa nyeusi, kona iliyofuata ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, mpaka kwenye miti! Mama akapiga ishara ya msalaba, kama anavyofanya kila tukipita hapa walipozikwa wale walioungua lori la mafuta lilipolipuka.

Nikabonyeza SNOW. Taa ya njano ikawaka. Nikafanya kila alichosema Elphas, sitaki mtu aje kusema sikufanya. Sikukanyaga breki kwa ghafla. Niliangalia ninakotaka kwenda. Gari halikuangalia huko! Mkia ukaanza kutupita, taratibu, kama mtu anayetembea usingizini. Nikaona lori linalopanda, taa zake, uso wa dereva. Kisha tukazunguka, magurudumu ya nyuma yakatumbukia mtaroni, na lori likapita likipiga honi mpaka lilipopotea.

Hatukuumia. Nilibaki nimekumbatia usukani. Mama alikuwa wa kwanza kuongea. Akauliza kama limekwaruzika.

Nilijaribu kutoka. Matairi yalizunguka tu, yakichimba, SNOW inawaka kwa furaha. Nikajaribu kuweka makapeti chini yake. Likayatema.

Ndipo nikaisikia. Gia ya pili. Bethwel alikuwa anateremka na viazi, polepole, akasimama kando yetu bila kuteleza hata kidogo. Akashuka, akatazama mtaro, hakusema neno kuhusu gari, na kwa hilo Mungu ambariki. Akaja dirishani akamwambia Mama apande mbele, atamfikisha kabla ya zamu.

Mama akakataa. Atangoja mawe yayeyuke, akasema, gari litatoka lenyewe. Nilimweleza kitanda hakingoji. Nilimkumbusha alichosema Naliaka. Nilipandisha sauti, ndiyo, nilimpandishia mama yangu sauti mbele ya jirani. Akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, ile mikono iliyovimba, akatazama mbele.

Simu yake ikalia. Elphas. Kwake ni alfajiri, alikuwa anaenda kazini, ameona video za Molo iko nyeupe. Anacheka. Anauliza tumefika wapi.

"Tumefika," Mama akasema. "Niko kitandani tayari. Gari yako imeteremka vizuri, hata chai haingemwagika."

Akanipa simu. Elphas akaniambia nimeona sasa, alisema ni dereva tu. Bethwel yuko dirishani, mawe yanampiga kwenye kofia, anasikia kila kitu. Mama ananiangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na Mama, kama mtoto aliyevunja sahani.

Nikasema ndiyo. Tumefika. Nikakata.

Mama akafungua mkanda. Mwenyewe! Kumbe alikuwa anangoja hilo tu.

"Miaka tisa hajakanyaga kwangu," akaniambia. "Hii gari ndiyo imekuja. Nikimwambia imeanguka kwa mtaro, atabaki na nini?"

Nilitaka kumuuliza mimi nabaki na nini. Mimi niliyekuja kila siku kwa miaka hiyo tisa, ambaye hakuna anayepiga picha nikifika. Nikamfunga vifungo vya koti. Mimi na Bethwel tukampandisha kwenye pick-up ya Baba, nikafunga mlango kwa kamba, fundo lile lile. Nilitaka kupanda naye. Akakataa — nisiliache gari peke yake, hapa watalivua matairi kabla giza halijaingia. Walivue! Lakini nimebaki. Nimewaangalia mpaka kona.

Sasa nimekaa kwenye kiti chake. Bado kina joto. Nimempigia Bethwel, hashiki, na ni vizuri asishike akiwa kwenye usukani. Nimempigia Naliaka, anasema hawajafika, na kuna mzee amekaa kwenye benchi anangoja kitanda.

Group imelia. Elphas: nipige picha gari likiwa parking ya hospitali, anataka kuwaonyesha wenzake wa kazini. Zeddy ameshaweka mioyo.

Parking! Natazama nje. Pua ya gari inaangalia mbinguni, boneti limejaa mawe meupe, na mvua imeanza tena.

Kabla sijajua nijibu nini, Mama ametuma sauti kwenye group. Huwa haandiki, hutuma sauti tu. Nimeisikiliza mara mbili. Anasema asiwe na wasiwasi, Jepleting atapiga hiyo picha sasa hivi. Na nyuma ya maneno yake, wazi kabisa, ndama analia. Gia ya pili. Wanateremka Salgaa.

Mama hajui kama inasikika.

Elphas ameifungua. Naona chini ya jina lake kwamba anaandika. Ameacha. Anaandika tena.