Hatoki Mtu na Kichwa Nusu

Jumanne, 5 Machi

Leo nilikuwa nyota wa semina! Wataalamu wamekuja Cotonou kutufundisha sisi akina mama wa soko la Tokpa jinsi ya kumtambua mtoto aliyesafirishwa kiharamu. Hoteli yenye baridi ya kugandisha samaki. Daktari Mbaye, mtaalamu wa uhamaji, katoka Dakar na suti ya bluu. Wa ulinzi wa watoto ni wa hapahapa, Madamu Rosine — mwembamba, hacheki, anakunywa maji kama anameza dawa.

Wakauliza nani ana uzoefu. Nani mwingine? Nikasimama. Mimi, Mama Firmin, muuza vitenge, nimefika Lagos, Abidjan, hata Uchina — mpaka gani nisioujua? Watu hoi kwa kicheko. Nikamalizia na mfano ulio hai: mimi mwenyewe nilichukua mtoto wa watu kule Zogbodomey, akiwa na miaka mitano, bila karatasi hata moja! Leo Senami wangu ana kumi na moja, mashavu haya, na kwa kuuza maji ya mifuko sokoni anawashinda watu wazima!

Nikangoja makofi. Daktari akakohoa. Madamu Rosine akaandika.

Nimepewa fulana: MLINZI WA MTOTO. Inanibana kifuani. Heshima ndivyo ilivyo, hubana.

Jumatano, 6 Machi

Nimevaa fulana sokoni. Honorine wa nyanya — jirani yangu, adui yangu — kaniuliza kama nimeajiriwa na zimamoto. Nikamwambia wivu hauivishi nyanya. Akanuna mpaka jioni. Siku njema.

Ijumaa, 8 Machi

Madamu Rosine kaja kibandani. Nikadhani anataka kitenge! Nikamshushia kile cha tausi, ambacho hata wake za mawaziri nawaficha. Hakukigusa. Akauliza: Senami yuko wapi?

Senami huyo anakuja, beseni la maji kichwani, anaimba. Madamu akamtazama kama daktari atazamavyo jipu. Wakaenda kuzungumza nyuma ya vitenge, wawili tu. Nilitega sikio. Nikaambulia kitu kimoja: mtoto anauliza kama mama yake bado anakaanga karanga.

Madamu karudi.

"Mwanao Firmin yuko wapi?"

"Shuleni."

"Na huyu?"

Nikamweleza, Senami naye alisoma, mpaka shule ikadai cheti cha kuzaliwa, na hana.

"Kwa hiyo ukampa beseni."

Mimi! Nikamwuliza, "Wewe binti, umeshazaa?"

"Sikuja kuzungumzia tumbo langu, mama."

"Basi usizungumzie jiko langu!"

Soko zima likageuka. Naye, taratibu, kama anayetaja bei: kwa sheria huyu ni mtoto aliyesafirishwa. Alhamisi gari litakuja kumchukua. Kwanza kituoni, kisha kwa mama yake.

Honorine akapaza sauti toka kwenye nyanya zake: "Mama Firmin! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole! Ivue hiyo fulana, usije ukajikamata mwenyewe!"

Watu wakacheka. Angekuwa mwingine, hata mimi ningecheka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimembana Senami. Ulimwambia nini yule mwanamke?

"Aliniuliza nakuitaje. Nikasema Tanti."

Basi! Tumekwisha. Kila kijakazi wa mji huu anamwita mwajiri wake Tanti, yaani shangazi, hata yule anayelazwa jikoni na paka. Lakini ni mimi niliyemkataza kuniita Mama. Mama yake yu hai. Mtoto naweza kukaa naye; jina la mwenzangu siibi. Sasa nenda kamweleze hilo mtaalamu!

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia simu Houefa, mama yake Senami. Tulicheza pamoja tukiwa wadogo, hata chawa tuligawana. Kumbe watu wa Madamu Rosine wameshafika kwake na gari. Wamemwuliza alinipa mtoto kwa bei gani.

"Dada yangu," anasema, huku analia, "nikisema asirudi, nimemuuza. Nikisema arudi, nitampa nini ale?"

Kwa hiyo umesema nini, Houefa?

"Nimesema nimemkumbuka mwanangu. Huo si uongo, dada."

Nikakata simu bila kubishana. Mimi!

Jumanne, 12 Machi

Nimepeleka samaki wa kukaanga na akassa, ugali wetu wa mahindi machachu, hotelini kwa Daktari Mbaye. Mkono mtupu haulambwi. Akala mpaka akanyonya vichwa. Kisha, huku akijifuta mdomo: "Mama, mimi ni wa sera. Watoto ni wa Rosine."

Nikamwuliza, "Nani alikulea, Daktari?"

"Shangazi. Kaolack."

"Walikuja na gari?"

Akainuka kwenda kunawa mikono. Alinawa sana, yule bwana. Ningekuwa na samaki wangu mkononi ningeondoka nao.

Jumatano, 13 Machi

Fulana nimeifanya tambara la jikoni. Hata maji hainyonyi!

Nimekikata kile kitenge cha tausi, nimemshonea Senami gauni. Nikamwuliza: unataka kwenda?

"Utakavyo wewe, Tanti."

Jibu gani hilo? Mtoto huyu ni mbishi, mtaa mzima unajua, hata bei ya chumvi anaibishia. Leo ndiyo kawa malaika. Firmin kagoma kula.

Alhamisi, 14 Machi

Wamefika. Wamenikuta uani, Senami katikati ya magoti yangu, namsuka. Hawezi kumwona mama yake na kichwa kama kiota cha kunguru.

"Gari linangoja, mama," anasema Madamu Rosine.

"Lingoje. Hata maiti hatoki hapa na kichwa nusu."

Mila anaijua, ni wa hapahapa. Akakaa kwenye kigoda. Nikasuka upande wa kushoto, taratibu. Nikaufumua. Umepinda, nikasema. Nikasuka tena. Nikafumua tena.

"Huo ulikuwa umenyooka, mama."

"Kumbe na wa nywele pia ni mtaalamu?"

Akatazama saa. Dereva akapiga honi, mbwa wakaitikia. Na Senami, shingo ngumu, sijui anawaza karanga za mama yake, sijui nini. Namzuilia nani, kama mwenyewe anataka kwenda? Nikasuka yote, sawasawa, mpaka mstari wa mwisho. Nikafunga uzi. Nikamwambia, haya, inuka.

Hakuinuka.

Akapapasa kichwa, polepole, kama mteja anayetafuta dosari.

"Tanti, huu wa katikati umepinda."

Haukupinda! Nimesuka vichwa tangu sijaota matiti, mstari ule umenyooka kuliko barabara ya kwenda Lagos! Madamu Rosine akamtazama. Senami naye akamtazama Madamu, hakupepesa. Akauingiza ukucha, akaanza kuufumua mwenyewe.

Nimeingia ndani, eti natafuta kitana. Kitana ninacho mkononi. Naandika nimesimama, mwandiko wenyewe kama kuku kapita. Honi tena. Namsikia Madamu akimwuliza kitu, kwa sauti ya chini, si ile ya sokoni.

Na Senami anamjibu: "Hata wa nyuma umepinda."

Wa nyuma hajauona, sijamwonyesha kioo. Hata wa nyuma, anasema —