Maelezo ya Généreuse Bisimwa kuhusu kipande kilichokatwa kwenye kitambaa cha vita

Kituo cha Polisi, Lewisville, Texas. Alhamisi, 14 Oktoba 2004, saa 3:10 asubuhi.
Mkalimani: Gelasius, mwanafunzi.

Mimi Généreuse Bisimwa, umri miaka 41, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, nahudumia wazee wasiojiweza. Naishi Lewisville. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Kudarizi nilifundishwa na masista. Mnamo Februari 2003 nilijiunga na kikundi cha akina mama wanaonakili kitambaa cha kale cha Ulaya, kinachoonyesha jinsi Wanormani walivyovuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kiongozi wetu ni Bi Natalia, mwalimu mstaafu wa historia. Alituambia inasadikiwa walioshika sindano walikuwa wanawake wa upande ulioshindwa.

Mimi nilipewa mahali askari wanachoma nyumba, na mama anatoka amemshika mtoto mkono. Sehemu ile ilinichukua miezi mitano. Bi Natalia aliniuliza kama nami nilikimbia vita na mtoto. Nilijibu ndiyo. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Ukweli ni huu. Novemba 1996 tulikimbia Bukavu, mimi na binti wa marehemu dada yangu, miaka sita. Lori lilisimama, watu wakagombania. Nilimwachia mkono ili nipande kwanza, nimvute juu. Lori likaondoka. Nilipiga kelele, lakini sikuruka. Sijamwona tena.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba, saa 8 mchana, maonyesho yalifunguliwa kwenye ukumbi wa mtaa. Bi Natalia alishika kipaza sauti akasema, “Mama huyu mnayemwona kwenye kitambaa yuko hapa. Alimwokoa mtoto wake.” Watu walisimama wakapiga makofi. Nami nilisimama, nikainama kushukuru.

Saa 10:30 wageni walikuwa wameondoka. Clara, Mtanzania, ndiye msafishaji wa ukumbi na ndiye mwenye ufunguo. Nilibaki nimsaidie kupanga viti. Alipotoka kutupa taka, nilichukua mkasi wangu nikamkata yule mama na yule mtoto, nikawatia kwenye mkoba. Clara aliporudi tulifunga mlango pamoja, akaniambia, “Asante dada, umenisaidia sana.”

Jumatatu Clara alisimamishwa kazi. Jumatano saa 12 jioni alinipigia simu akilia. “Dada Généreuse, wanasema ni mimi. Leo polisi wamenihoji. Niombee.”

Nikamjibu, “Nitakuombea.”

Sikuweza hata kupiga magoti. Clara hakujua lolote. Kipande nimekikabidhi kwa afisa. Hayo ndiyo niliyoyatenda kwa mkono wangu, na nimesomewa yote kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi.

(Sahihi) G. Bisimwa

Maandishi ya afisa: Nimepokea kipande kimoja cha kitani kilichodariziwa kwa sufu. Msimamizi wa ukumbi amejulishwa kwa simu. Clara anarudi kazini Jumatatu. Clara amefika saa 5:20 na, kwa ridhaa ya mtoa maelezo, amesomewa maelezo haya. Mtoa maelezo alimwomba radhi. Kisha Clara aliuliza, “Mtoto alikuwa anaitwa nani?” Mtoa maelezo akasema: Kezia. Mtoa maelezo ameomba jina hilo liandikwe. Nimeliandika.